Masta ya ugavi: Cranfield, MBA ya Mlimani au MIT ya mtandaoni? Naombeni mawazo kabla sijalipa amana

Stoo Kuu (mleta mada)

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 29, naishi Dar. Shahada ya kwanza nilisomea ununuzi na ugavi hapahapa nyumbani. Nikaanza kama karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji, sasa huu ni mwaka wa tano na mimi ndiye afisa ugavi wa malighafi zinazotoka nje: vizibo, lebo, ladha. Naagiza, nafuatilia meli, nasumbuana na wakala wa forodha, napokea, natoa stoo kwenda kwenye mtambo.

Mwaka jana mtambo wetu ulisimama siku nne kwa sababu ya vizibo. Chupa zipo, sukari ipo, maji yapo, wafanyakazi wamekaa kivulini, vizibo viko ndani ya kontena bandarini. Meneja akaniita mbele ya watu akaniuliza: "Kwa nini hukuagiza mapema?" Nikajieleza. Akauliza tena: "Mapema ni lini?" Hapo nikanyamaza. Maneno nilikuwa nayo, hesabu sikuwa nayo. Tangu siku ile nimeamua kurudi shule.

Nafasi zilizo mezani ni tatu.

Cranfield, Uingereza: masta ya lojistiki na usimamizi wa mnyororo wa ugavi, mwaka mmoja. Barua ya udahili ninayo, ufadhili sina. Shangazi yangu yuko tayari kuweka kiwanja chake cha Kibaha dhamana ya mkopo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

MBA ya jioni Mlimani, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nabaki kazini, nalipa kidogo kidogo.

MIT ya mtandaoni, chuo kile cha Marekani: wana MicroMasters ya mnyororo wa ugavi, yaani cheti cha masomo ya ngazi ya masta. Kozi tano na mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Nasomea nyumbani usiku.

Nataka siku moja niwe mtu anayepanga ugavi wa kampuni nzima, siyo kuagiza vizibo peke yake. Amana ya Cranfield inatakiwa ndani ya wiki tatu. Waliopita njia hizi naombeni mnisaidie, na kama nauliza swali lisilo sahihi niambieni pia.

Kamba ya Nanga

Mdogo wangu, mimi nipo Kurasini, kazi ya uwakala wa forodha naifanya tangu 2009. Nitasema bila kuzunguka: nenda Mlimani.

Kazi ya ugavi nchi hii ni kazi ya kujuana na kujua. Darasa la MBA ya jioni utakaa na mtu wa benki, mtu wa mamlaka ya mapato, mtu wa bandari, mhasibu wa kampuni ya mafuta. Baada ya miaka mitano wote hao wana vyeo na namba zao unazo. Ukiwa Uingereza utakaa na vijana kutoka nchi mbalimbali ambao mkimaliza kila mtu anarudi kwao.

Halafu ujuzi wa hapa hauko vitabuni. Angalia tulivyobadilishiwa mambo kwa muda mfupi: TICTS, kampuni iliyoendesha kitengo cha makontena bandarini, wameondoka mwishoni mwa 2022, Oktoba 2023 ukasainiwa mkataba wa bandari na DP World ya Dubai, mwaka 2024 treni ya SGR imeanza kubeba abiria hadi Dodoma. Serikalini mfumo wa ununuzi wa mtandaoni umebadilika, TANePS imetoka, imeingia NeST. Mwaka huohuo wa 2023 ikatungwa sheria mpya ya ununuzi wa umma. Ukikaa nje mwaka mzima utarudi ukute milango imehama.

La mwisho, na ndilo kubwa: ugavi ni fedha. Mzigo unakwama kwa sababu hela haijatoka. MBA itakufundisha kuongea na watu wa fedha kwa lugha yao. Kiwanja cha shangazi usikiguse.

Mzee wa Tunduma

Binti, kabla hujachagua chuo, chagua kiti. Kununua ni kiti kimoja, ghala ni kingine, usafirishaji ni kingine, kupanga ni kingine. Watu wa nje huviita vyote ugavi. Mimi nimeendesha malori Dar hadi Lubumbashi miaka mingi, nimesomea NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, na NIT ilinifaa kwa sababu kiti changu kilikuwa barabarani. Wewe umeshasema unataka kupanga. Basi tafuta penye kufundisha kupanga.

Ziwa Baridi

Dada, nimetokea Tanga, masta nimesomea Michigan State, sasa nafanya kazi ya kupanga vipuri kwenye kampuni ya magari hukuhuku Michigan. Marekani haipo kwenye orodha yako, ila kuna mambo ya kupimia chuo ambayo nimejifunza kwa kuumia.

Michigan State imekuwa namba moja ya Marekani kwenye fani hii kwa miaka mingi katika orodha za U.S. News. Watu hudhani ndiyo iliyonipa kazi. Kilichonipa kazi ni umbali. Kutoka East Lansing, chuo kilipo, hadi Detroit, mji wa viwanda vya magari, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kampuni za magari na wauzaji wao wa vipuri wanakuja chuoni wenyewe, wanaweka meza, wanahoji watu. Arizona State nayo jirani yake ni ISM, chama kikubwa cha watu wa manunuzi, kina makao makuu Tempe hapohapo. Zaragoza, Hispania, kituo chao cha lojistiki kimekaa kando ya PLAZA, moja ya bustani kubwa za maghala Ulaya. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa chuo chochote: nani yuko nje ya geti lenu? Ukitaka kufanya kazi Dar, basi kampuni zilizo nje ya geti la Mlimani zina maana kuliko zilizo nje ya geti la Michigan. Hapo naungana na Kamba ya Nanga.

Jambo la pili ni viza, na hili wengi wanalikosea. Marekani, ukimaliza masta ukiwa na viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Kama programu yako imeandikishwa kwenye kundi la STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, unaongezewa miezi 24. Sasa masta mbili zenye jina lilelile la mnyororo wa ugavi zinaweza kuwa moja ni STEM na nyingine siyo, kwa sababu moja imeandikishwa kama sayansi ya usimamizi na nyingine kama biashara ya kawaida. Mwajiri akiona miezi 12 tu anakuruka. Jambo la kuuliza kabla ya kulipa chochote. Na masta ya mtandaoni, hata iwe ya chuo kikubwa namna gani, haikupi viza hiyo.

Hiyo MicroMasters ya MIT usiidharau. Ilianza kabla hata mimi sijaondoka Tanga, na ndiyo iliyofungua aina hii ya kozi. Ukifaulu vizuri unaweza kuomba kuingia masta yao kamili ukiwa umeshabeba muhula mmoja, unakwenda chuoni kwao Cambridge, ya Marekani siyo ya Uingereza, kwa muhula uliobaki tu badala ya miezi kumi. Ushindani ni mkali, lakini mlango upo. Kusikiliza masomo yenyewe bila cheti ni bure. Unaweza kuanza leo usiku ukajua kama hesabu zao unaziweza.

Stoo Kuu

Asante kaka. Kwamba kusikiliza ni bure nilikuwa sijui, nilidhani lazima ulipe kwanza. Kamba ya Nanga, maneno yako kuhusu fedha nimeyaweka akilini, ingawa kwetu shida ilikuwa meli na bandari.

Jina Tupu

Naomba niseme la kwangu kwa sababu limenigharimu.

Nilikwenda nje, nchi na chuo nitaviacha. Shahada iliandikwa MBA, mchepuo wa mnyororo wa ugavi. Nilisoma jina la shahada na picha za majengo, orodha ya masomo sikuifungua. Kufika kule, masomo kumi na mawili: uongozi, masoko, uhasibu, rasilimali watu, maadili, na mengine ya namna hiyo. Ugavi ulikuwa somo moja la wiki kumi, na mwalimu wake alikuwa wa kuazima. Wenzangu waliotoka kwenye mauzo walifurahi, kwao ilikuwa elimu pana. Mimi niliyetoka ghalani nilirudi na cheti kizuri na maswali yaleyale niliyoondoka nayo. Gari niliuza, deni nimelimaliza mwaka jana.

Dada, fungua orodha ya masomo ya kila chuo. Hesabu ni masomo mangapi yanahusu takwimu, akiba ya stoo, upangaji wa uzalishaji, usafirishaji. Uliza tasnifu inafanyika wapi, maktaba au ndani ya kampuni. Cranfield wana sifa ya kuwapeleka wanafunzi kufanya kazi na kampuni zenyewe, hilo linawapa alama. Lakini waulize mwaka huu ni kampuni zipi, usikubali jibu la jumla.

Chaki Nyeupe

Nafundisha takwimu chuoni, na wanafunzi wangu wengi ni wa ununuzi na ugavi. Nimeusoma uzi wote na naona jibu limejificha kwenye lile swali la meneja wako: "Mapema ni lini?" Ningekuwa wewe, ningechagua chuo kwa kukiuliza swali hilo.

Vyuo vyote vitatu vitakufundisha kanuni ya Ford Harris ya mwaka 1913, inayosema uagize kiasi gani kwa mara moja. Ni kanuni nzuri ila inachukulia kwamba mzigo unafika siku uliyoambiwa. Wewe kilichokuumiza ni siku kuyumba.

Tuseme kiwanda chenu kinatumia maboksi 100 ya vizibo kila siku, sawasawa. Kutoka kuagiza hadi kupokea ni siku 60 kwa wastani. Wengi huishia hapo: 60 mara 100 ni 6,000, basi stoo ikibaki na maboksi 6,000 unaagiza. Lakini wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya safari zinachelewa kupita siku 60. Ukipanga kwa wastani umekubali mtambo usimame kwenye karibu nusu ya maagizo yako!

Sasa pima kuyumba kwenyewe. Kwenye takwimu tuna kipimo cha kuonyesha safari zinatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Tuseme kwenu kipimo hicho ni siku 10. Ukitaka usalama kwenye maagizo 95 kati ya 100, unachukua 1.65, namba ya jedwali la takwimu kwa usalama huo, unaizidisha kwa matumizi ya siku na kwa siku za kuyumba: 1.65 × 100 × 10. Unapata maboksi 1,650. Hiyo ndiyo akiba ya tahadhari. Kwa hiyo unaagiza stoo ikibaki na 7,650. Hilo ndilo jibu la "mapema ni lini", na unaweza kumwonyesha meneja kwenye karatasi moja.

Twende mbele, kwa sababu hapa ndipo mpangaji anapotofautiana na mwagizaji. Wakala mmoja anakuja anakuahidi kushusha wastani kutoka siku 60 hadi 55, kuyumba kunabaki siku 10. Mwingine anasema siku 60 zilezile, lakini kuyumba kunashuka hadi siku 5. Umchukue nani? Karibu wote darasani humchukua wa kwanza kwa sababu anaonekana ana haraka. Piga hesabu. Kwa wa kwanza akiba ya tahadhari ni 1,650 bado. Kwa wa pili ni 825. Maboksi 825 yametoka stoo, yamegeuka fedha taslimu, na usalama wa mtambo ni uleule. Huyo wa kwanza naye atakupunguzia mzigo ulio njiani, sikatai, ila hatakupa usingizi.

Ukiweza kufikiri hivi na kumweleza mwenye fedha, una kiti cha kupanga mahali popote duniani. Ndiyo maana kwa mtu mwenye swali kama lako naweka MSc, yaani masta ya fani yenyewe kama ya Cranfield, au kozi za MIT mbele ya MBA ya jumla. Kozi ya kwanza ya MIT, wanaiita SC0x, ni uchambuzi mtupu. Inayofuata, SC1x, inaingia moja kwa moja kwenye akiba na makadirio ya mahitaji. Baadaye utakutana na mchezo wa bia, uliotungwa hukohuko MIT zaidi ya miaka 60 iliyopita: watu wanne, mmoja duka la rejareja, mmoja jumla, mmoja msambazaji, mmoja kiwanda, na hawaruhusiwi kuzungumza. Mteja anaongeza oda kidogo tu, lakini ikifika kiwandani imegeuka mafuriko, kisha ukame. Nimeuchezesha darasani mara nyingi na kila mara wanafunzi hulaumiana, hadi waone karatasi ya mteja. Ukishaucheza hutaangalia oda ya dukani kwa macho yaleyale.

Kwa nyumbani, angalia pia masta ya ununuzi na ugavi ya Chuo Kikuu cha Mzumbe. Haimo kwenye orodha yako na inahusu fani yenyewe kuliko MBA.

Changamwe

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma chuo kikuu cha JKUAT, kampasi ya hapa mjini, masta ya ununuzi na lojistiki, huku nafanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji. Sitaki kurudia ya wenzangu. Nina moja tu, na naona hapa halijaguswa: leseni.

Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za wataalamu wa ugavi mwaka 2007. Kwetu ni KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, lazima uwe na leseni na uilipie kila mwaka. Kwenu ni PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Rafiki yangu alirudi Kenya na masta ya Uingereza, akaomba kazi ya umeneja wa manunuzi, swali la kwanza likawa namba ya leseni. Hakuwa nayo. Kazi ikaenda kwa mtu mwenye diploma, uzoefu na leseni. Shahada ya nje haikufungulii mlango huo, inabidi uufungue mwenyewe kando.

Wewe umeandika shahada na uzoefu, hukutaja CPSP, cheti cha kitaaluma cha PSPTB. Unayo? Kama huna, hiyo ndiyo ya kwanza kabla ya Cranfield na kabla ya MIT. Na ukisoma nje, vyeti vyako vipite TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, vitambuliwe.

Wanaotaka kampuni za kimataifa huongeza vyeti vya CIPS, chama cha Waingereza cha watu wa ununuzi na ugavi. Unapanda ngazi ya nne, ya tano, ya sita, na ukiwa na miaka mitatu ya kazi unaandika MCIPS baada ya jina. Meneja wetu wa sasa hana masta, ana MCIPS, na anaheshimiwa hadi Dubai.

Bohari Kanda

Kwa wanaosoma uzi huu na wako upande wa afya kama mimi: kuna kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Kigali, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kinatoa masta ya mnyororo wa ugavi wa afya. Sisi wa dawa shida zetu ni nyingine. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 kutoka uwanja wa ndege hadi zahanati ya mwisho, na ukikosea hakuna mtambo unaosimama, kuna mtoto anayekosa kinga. Masta ya jumla haikai sana hapo. Kwa vizibo, dada, Kigali siyo yako, lakini nimeandika kwa ajili ya wengine.

Stoo Kuu

Changamwe, umenigonga palipouma. CPSP sijamaliza, mitihani niliiacha katikati mwaka wa pili wa kazi nikasema nitarudi. Sijarudi.

Chaki Nyeupe, nimesoma maelezo yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kikokotoo. Naenda kufungua mafaili yetu. Nipeni siku chache.

Kamba ya Nanga

Mwalimu, hesabu yako nimeielewa na ni nzuri. Lakini hiyo siku 10 ya kuyumba inatoka wapi? Haianguki kutoka mbinguni. Kuna mtu hakusaini, kuna hela haikutumwa, kuna hati haikufika. Hesabu inakuambia kuyumba ni kiasi gani, haikuambii nani anayeyumbisha. Mdogo wangu, ukifungua hayo mafaili andika tarehe ya kila hatua, usiandike ya mwanzo na ya mwisho tu.

Ziwa Baridi

Hapo kaka umesema la maana sana. Kazini kwetu tunafanya hivyohivyo, tunagawa safari vipande tuone kipande kipi kinayumba.

Na dada, kwa Cranfield: kabla ya kiwanja, jaribu Chevening, ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza. Wanataka angalau saa 2,800 za kazi, ambazo wewe umezipita zamani, na wanataka ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa anayetaka kuhamia Uingereza ni kikwazo. Kwa wewe unayetaka kupanga ugavi hapo Dar siyo kikwazo chochote. Dirisha hufunguliwa Agosti. Waandikie Cranfield uombe nafasi isogezwe mwaka ujao, vyuo hupokea maombi kama hayo.

Stoo Kuu

Nimerudi wakuu. Nimekaa na mafaili Jumamosi na Jumapili, mezani kwa shangazi, yeye akinisomea tarehe na mimi nikiandika.

Kontena 23 za vizibo na lebo ndani ya miaka mitatu. La haraka lilichukua siku 47, la polepole siku 96. Wastani 63. Kuyumba, kwa kipimo cha mwalimu, siku 13. Kumbe kwa muda wote huu nilikuwa naagiza kwa kufuata wastani wa siku 60 nilioachiwa na aliyenitangulia, na sikuwa nimewahi kuuliza aliutoa wapi.

Kisha nikafanya alivyosema Kamba ya Nanga, nikagawa vipande. Kiwandani kwa mzalishaji: karibu sawa kila mara. Baharini: inatofautiana kwa siku chache, siyo za kutisha. Kutoka meli kufunga gati hadi kontena kutoka getini: la haraka siku 4, la polepole siku 46. Kuyumba kwetu karibu kote kumekaa hapo.

Nikachukua makontena sita mabaya kuliko yote, likiwemo lile la mwaka jana. Matano kati ya hayo hati ya shehena, ile BL halisi, ilifika meli ikiwa imeshatia nanga. Mzalishaji haiachii mpaka amaliziwe malipo yake. Nikaangalia tarehe za malipo. Sisi ndio tuliochelewa kulipa. Ofisi yetu wenyewe. Ombi la malipo lilikuwa linakaa wiki mbili, tatu, likisubiri saini, kwa sababu fedha ya kiwanda ilikuwa inahitajika mahali pengine wiki hiyo. Baadaye tukawa tunalipa tozo za kontena kukaa bandarini, ambazo kwa hayo matano zimezidi mshahara wangu wa miezi saba.

Kaka Kamba ya Nanga, ulisema tangu mwanzo kwamba mzigo unakwama kwa sababu hela haijatoka, na mimi nikakujibu kwamba kwetu shida ni meli. Nakuomba radhi. Na mwalimu, bila kile kipimo chako nisingefungua hata faili moja.

Uamuzi wangu ni huu. Amana ya Cranfield silipi mwaka huu, nimeshawaandikia kuomba nafasi isogezwe. Kiwanja cha Kibaha kinabaki cha shangazi. Nimeanza SC0x tangu Jumatano, bure kwanza. Nikiona naiweza kozi hiyo yote nitalipia cheti. CPSP naingia mitihani inayofuata, fomu nimeshaijaza. Chevening naomba Agosti. Ikikataa, sitakwenda nje kwa mkopo, nitaomba Mzumbe au Mlimani, na kama ni Mlimani nitachukua mchepuo wa fedha, kwa sababu sasa nimeona pale ndipo nisipojua.

Jumatatu saa nne nina kikao na meneja na mkuu wa fedha. Nimeandaa karatasi moja: tarehe za malipo upande wa kushoto, siku za bandarini upande wa kulia, na chini yake maboksi tutakayoweza kupunguza stoo ikiwa malipo yatatoka kabla meli haijaondoka. Ninachoogopa ni kwamba mkuu wa fedha ataona nimekuja kumshtaki. Waliowahi kukaa kikao cha namna hii, mlianzaje kuongea?

Kamba ya Nanga

Usianze na tarehe za malipo. Anza na tozo za bandarini, muulize yeye kama anazifahamu jumla yake. Mwache aulize mwenyewe zimetoka wapi, ndipo ufungue karatasi. Na kabla ya kikao nipigie, kuna risiti za tozo ambazo wakala wenu lazima anazo na wewe huna.